Uliandika Nini?

Nilichaguliwa kuwa mwandishi kwa sababu sina ndugu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Bazilio, alilisema hilo mbele ya watu bila haya: Asmahani katoka Pangani, huku Titye hana shangazi wala binamu, hatampendelea mtu. Nilikuwa na miaka minne nikiuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa kijijini pale, na hiyo ndiyo sifa pekee waliyoniona nayo. Alisahau kwamba nina mume. Au hakusahau, mpaka leo sijui.

Kura zenyewe zilikuwa za kumtaja mwizi. Ndani ya miezi miwili mbuzi kumi na wanne walikuwa wamepotea, kisha mlinzi wa ghala la maharage akakutwa kakatwa mkono, na tangu hapo watu waliacha kutazamana usoni. Ikaamuliwa kila mtu mzima aingie darasani peke yake, aandike jina moja kwenye karatasi na kuitumbukiza kwenye ndoo. Asiyejua kuandika angeninong'oneza mimi, nami nimwandikie. Kijiji cha jirani walifanya hivyo hivyo mwaka uliopita. Yule waliyemtaja, walisema atapelekwa polisi. Hakufika.

Basi nikakaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakikaribia kidevu, na kalamu ikiniteleza kwa jasho ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Kiha changu ni cha dukani. Najua kusalimu, kupima mafuta na kufukuza watoto wanaochezea mizani. Zaidi ya hapo ni kutikisa kichwa tu.

Akina mama wazee wa kanisani waliingia wakifuatana. Kila mmoja aliinama sikioni kwangu akanong'ona jina lile lile: Habonimana. Nilimfahamu. Alikuwa mtu wa miaka kama thelathini na mitano, familia yake ilitoka Burundi ikaja kupata uraia, na alilima mihogo upande wa mtoni. Akija dukani alisimama nje mpaka wengine wamalize. Mtu mkimya ni rahisi kumshuku, nami nilianza kumshuku pale pale. Wa tano kuinama alikuwa Theodosia, mama yake mzazi. Mkono ulinisimama. Kisha nikaandika, nikasema moyoni basi ni yeye kweli, kwani mama gani atamsingizia mwanawe?

Ubao ulitolewa nje, ukaegemezwa ukutani, nami nikaketi kando yake, na watu wote wakakusanyika kwenye kiwanja cha shule. Bazilio alichomoa karatasi moja moja na kusoma. Pasikali, kamanda wa sungusungu, alichora vijiti kwa chaki. Habonimana alipata kumi na saba, zote kwa mwandiko wangu. Nyuma yake likaja jina ambalo sikuliandika hata mara moja: Saidi. Saidi ni mume wangu. Alipata tisa; zilizobaki zilitawanyika kwa majina mengi.

Bila shaka hakuna ambaye angethubutu kuninong'oneza jina hilo mimi. Hao tisa waliandika wenyewe. Saidi hupeleka maharage Kibondo kwa Canter na kurudi na turubai limefungwa, na nadhani watu waliamua kwamba chini ya turubai kuna mbuzi. Nilimtafuta Saidi kwa macho katikati ya watu. Halafu, naona aibu kusema, nikamshukuru Mungu kwa zile kumi na saba.

Vijana wa Pasikali walimkamata Habonimana wakamfunga mikono kwa kamba ya manila. Mmoja wao alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, ila ndani hamkuwa na maji. Harufu ya petroli siwezi kuikosea. Habonimana hakupiga kelele. Aliuliza tu, akimgeukia huyu na yule, ni nani aliyemtaja. Kura ilikuwa ya siri, kwa hiyo walikuwa wote na hakuwa yeyote.

Saidi alikuja akasimama nyuma yangu. Na Theodosia naye akaja, akapiga magoti mbele yangu akanishika kifundo cha mkono.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema, "mimi sikutaja mtu. Sisi mama wa kanisa tulipatana njiani, tusiingie kwenye damu ya mtu. Nilikuambia habona Imana. Uliandika nini?"

Sikuelewa. Mume wangu ndiye aliyeelewa, maana yeye kazaliwa Kasulu, na Kiha ni lugha yake. Akaniinamia akaniambia maana yake kwa sauti ya chini sana: ni Mungu ndiye aonaye. Ukiyasema maneno hayo upesi, kwa kunong'ona, na meno yamepungua mdomoni, linatoka jina la Habonimana. Ndilo jina Theodosia alilompa mwanawe siku alipomzaa.

Kisha Saidi akaniwekea mkono begani, akanibana.

"Asma, nyamaza," alisema.

Nilipiga hesabu kama alivyokwisha kuipiga yeye. Ukitoa kumi na saba, anayebaki juu ni yeye. Nikanyamaza. Nilinyamaza muda wa kutosha yule kijana kufungua kifuniko cha chupa. Theodosia hakuniachia mkono. Sikusimama kwa ushujaa, msije mkanisifu. Nilisimama kwa sababu ule mkono ulikuwa unatetemeka, na sikuweza tena kujua anayetetemeka ni yeye au mimi.

Nikawaambia watu kwamba kura kumi na saba ni makosa yangu, kwamba wale mama hawakumtaja mtu, walisema ni Mungu aonaye, nami nikaandika jina. Pasikali akataka kujua nani amenituma. Wengine walikicheka Kiha changu, halafu kicheko kikakatika. Bazilio akachukua kitambaa akafuta vijiti vyote vya Habonimana. Juu ya ubao likabaki jina la mume wangu.

Watu mia mbili waligeuka wakamtazama. Kijana wa chupa naye aligeuka, na chupa ilikuwa bado wazi.

Bazilio akatangaza kwamba wale mama watasema upya, hadharani, nami niandike mbele ya wote. Akamwita Theodosia awe wa kwanza. Mwanawe alikuwa bado kwenye kamba. Hakuna mtu kiwanjani ambaye hakujua kwamba akitaja jina jingine lolote kamba hiyo itahamia kwa mwingine, na jina lenyewe lilikuwa tayari ubaoni. Alimtazama Saidi. Alimtazama kwa muda mrefu. Sijawahi kumwogopa binadamu kama nilivyomwogopa kikongwe yule.

"Habona," alisema. Akavuta pumzi. "Imana."

Aliyatenganisha ili hata mimi nielewe. Wale wengine kumi na sita walifuata, mmoja mmoja, wakasema hayo hayo, nami nikaandika. Mwishoni Bazilio alisema kumi na saba hawakumtaja mtu, na kumi na saba ni wengi kuliko tisa, kwa hiyo kikao kimefungwa na polisi wafanye kazi yao. Habonimana alifunguliwa. Watu walitawanyika bila kuagana, na kijana akarudisha kifuniko kwenye chupa, akaondoka nayo.

Saidi hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu, mchana, tulikuwa dukani tukipima sukari.

"Kabla hujasimama," aliniuliza, "ulikuwa umeziona zangu tisa?"

Nikamwambia niliziona. Alifunga mfuko wa sukari, akafunga na wa pili.

"Na kama yule mama angesema Saidi?"

Ningeweza kumdanganya. Nimewahi kumdanganya kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini alikuwa ameniona pale, nimekaa, kalamu mkononi, nikingoja.

"Ningeandika," nikasema.

Hakukasirika. Nje mtu alipiga hodi, mwanaume, akasema anataka chumvi. Sauti niliijua, ni ya jirani, lakini sikujua kama ni mmoja wa wale tisa. Saidi naye hakujua. Akaenda mlangoni, akashusha komeo mchana kweupe, akasimama nyuma ya mlango bila kuitika.