Mheshimiwa Ajaribu Pikapu

Watu huenda kununua gari wakiwa na fundi, shemeji mmoja mjuaji, na mtu wa kanisa wa kuombea mapatano. Jelagat alienda na fahali.

Si kwa kupenda. Jirani yake wa Rongai alikuwa amemvutia trela kwa trekta mpaka yadi ya Odero, karibu na mtaa wa Section 58 mjini. Kufika tu, akachomoa pini, akasema msimu wa kulima haumngoji mtu, akaenda zake. Trela ikabaki katikati ya magari yaliyooshwa yakang'aa, na juu yake Mheshimiwa, fahali mwenye shingo kama pipa na macho ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana.

Mheshimiwa ndiye aliyekuwa kazi yao. Tangu baba yao afariki, Jelagat na mdogo wake Kipkemei walimpeleka kwenye mashamba ya jirani kwa trekta, kila ng'ombe alipotaka dume. Sasa sifa zake zilikuwa zimevuka mlima. Asubuhi hiyo Wachuka wa Subukia alikuwa amepiga simu.

"Ng'ombe yangu inapiga kelele tangu alfajiri," alisema. "Ikifika jioni imepoa. Mkichelewa namwita Nicodemus wa sindano ya mbegu. Na mnajua mimi ndiye mwenyekiti wa kina mama wa maziwa huku. Nikihamia sindano, wote wanahamia."

Kwa trekta, Subukia wangefika ng'ombe akiwa ameshasahau alichokuwa akililia. Kwa hivyo mambo yalikuwa mawili tu: pikapu ipatikane leo, au Mheshimiwa aanze kufikiriwa kama nyama ya Krismasi. Mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa akitafuna kamba yake.

Odero alitoka kwenye kontena analoliita ofisi, akitabasamu. Alipomwona fahali, tabasamu lilibaki lakini miguu ikarudi nyuma.

"Karibu, madam. Huyo... mmemleta kama deposit?"

"Huyo ndiye mzigo. Nataka pikapu ya kumvuta. Na sitaki kuambiwa inavuta, nataka niione ikivuta."

Kipkemei alikuwa tayari ameshakumbatia pikapu moja nyeusi, otomatiki, yenye rimu za kung'aa. "Jelagat, cheki namba! KDJ, ya juzi tu! Ukiegesha hii kanisani, pastor anakatiza mahubiri!"

"Fahali hasomi namba."

"Wenye ng'ombe wanasoma!"

Kando yake ilisimama nyingine ya dizeli, kuukuu, iliyobakiwa na rangi mahali jua lisipofika tu. Ilinuka vitunguu. Odero aliipita haraka, kama mtu anayempita shemeji mlevi harusini.

Wakaifunga nyeusi kwenye trela, wakashika barabara ya kupanda kuelekea Menengai. Jelagat aliendesha. Odero alikaa kiti cha nyuma, maana broka haachi gari lake na mtu. Walipofika katikati ya kilima, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure, yakipiga mayowe. Gari likagoma. Kipkemei akaruka nje kutafuta mawe ya kuzuia trela.

Watu wakajaa, kila mmoja na ushauri wake.

"Mwambieni huyo mnene ashuke asukume!" akasema kijana mmoja wa bodaboda.

Wakarudi kinyumenyume mpaka yadi, wakafunga ile kuukuu. Nayo ikafika palepale, ikazungusha magurudumu palepale, na yule wa bodaboda alikuwa bado palepale.

"Mmerudi? Mngeniambia niweke viti, niuze tiketi!"

Odero alijipangusa jasho. "Madam, mimi nauza pikapu. Huyu anataka gari-moshi."

Jelagat alishuka, akachuchumaa kando ya barabara, akatazama. Mkia wa pikapu ulikuwa umeinuliwa juu, kama bata anayetafuta kitu chini ya maji. Magurudumu ya nyuma yaligusa lami kwa adabu tu. Akatazama trela. Makalio ya Mheshimiwa yalielekea pikapu. Kichwa, shingo na mabega, yaani Mheshimiwa karibu wote, vilikuwa mwisho kabisa wa trela, vikiikandamiza chini nyuma na kuiinua mbele.

"Kipkemei. Kwa nini huwa tunampakia akitazama nyuma?"

"Si baba ndiye alisema? Upepo wa barabara unamtoa machozi."

"Na baba alimvuta na nini?"

"Trekta."

"Trekta ni nzito, haiwezi kuinuliwa na shingo ya ng'ombe. Hii inaweza. Na trekta ile huwa inapitwa na mama aliyebeba kuni. Upepo gani?"

Kipkemei akaenda kufungua kamba ya Mheshimiwa.

Kumgeuza fahali barabarani si jambo la kusimulia mbele ya watoto. Inatosha kusema kwamba Odero alipanda juu ya boneti ya gari lake mwenyewe, na yule wa bodaboda aliyetaka kuuza tiketi aliondoka bila kukamilisha onyesho. Mwishowe Mheshimiwa akasimama akitazama mbele. Jelagat alivua leso yake kiunoni, akaifunga kwenye vyuma vya mbele vya trela kama pazia.

"Ya nini?" Odero akauliza akiwa bado juu.

"Ya upepo," akajibu Jelagat. "Baba ni baba."

Safari hii ile kuukuu ikapanda, ikilalamika kama mzee anayepandishwa ngazi za korti, lakini ikapanda. Wakafunga tena nyeusi. Hiyo ikapanda ikiimba. Kipkemei akapiga honi mpaka kileleni.

"Imeisha hiyo!" Odero akapiga makofi. "Madam, tukaandikiane."

"Bado. Sasa tushuke."

"Aki madam, kushuka kila gari inashuka. Hata iliyokufa inashuka."

"Subukia ni kushuka," Jelagat akasema, akageuza.

Hapo ndipo nyeusi ilipokosa wimbo. Mheshimiwa aliisukuma kutoka nyuma kama mtu mwenye haraka ya choo. Jelagat akakanyaga breki, akakanyaga tena. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Leso ikawa inapepea karibu sana na kioo cha nyuma. Odero, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiapa kwa jina la Mungu kila siku kazini, sasa alimwita kwa dhati, kwa Kijaluo. Waliposimama chini, breki zilikuwa zikitoa moshi, na Kipkemei hakutaja namba.

Wakaifunga tena ile kuukuu, ambayo ilikuwa ya gia, wakapanda. Kileleni Jelagat aliingiza ya pili, akaondoa mguu. Injini ikanguruma, ikamshikilia fahali kutoka juu mpaka chini kwa mwendo wa kwenda kanisani. Breki aliigusa tu kwa salamu.

Kwenye kona ya yadi hakukata.

"Madam," akasema Odero, aliyebanwa katikati ya ndugu wawili, "yadi ni hapo."

"Nimeiona."

"Test drive ni mpaka petroli stesheni na kurudi!"

"Kilima kinachonihusu hakiko kwa petroli stesheni."

Simu ikalia. Kipkemei akaweka spika. "Nicodemus ameshafika," ilisema sauti ya Wachuka. "Mko wapi?"

"Bahati, mama! Tumeshafika Bahati!"

"Tumefika Bahati?" Odero akalia. "Mimi sijaaga nyumbani!"

Mteremko wa Subukia waliushuka kwa gia ileile, malori yakiwapigia honi, Odero akisukuma sakafu kwa miguu yote miwili kusaidia.

Nicodemus alikuwa zizini, glavu ndefu ikiwa imemfika begani, akingoja maji ya kuyeyushia mbegu yapate moto. Kuni za Wachuka zilikuwa mbichi.

"Samahani," Wachuka akamwambia Jelagat. "Daktari ndiye aliyefika kwanza. Haki ni haki."

Nyuma ya Jelagat, pazia la leso likatikisika, na Mheshimiwa akatoa mlio uliofanya sufuria ya maji itetemeke mekoni.

Ng'ombe wa Wachuka aling'oa kigingi. Alitoka mbio akiburura kigingi, kamba, na mwenyekiti wa kina mama wa maziwa aliyekuwa ameishikilia kamba hiyo. Hawakusimama mpaka kwenye trela.

Wachuka aliinuka, akajipangusa matope. "Basi," akasema akihema. "Mimi ni nani nibishane naye? Fungueni mlango."

Nicodemus akaanza kuvua glavu.

Baadaye kidogo, vikombe vya chai vikipita, Odero alitoa simu. Akapiga picha ya pikapu kuukuu, Mheshimiwa akionekana nyuma yake akiwa kazini.

"Naiweka kwa status," akasema. "Gari iliyojaribiwa kuliko hii iko wapi? Kesho napata wateja foleni."

"Ifute," akasema Jelagat, funguo zikiwa mkononi mwake. "Hiyo imeshanunuliwa."