Picha ya Ufunguo

Filamu ilitoka kwenye beseni la dawa ikiwa ya kijivu pembe hadi pembe. Popo aliitikisa maji, akaibandika kwenye kisanduku cha mwanga, akasogeza uso. Mbavu zilikuwemo, lakini kwa mbali, kama fito za ua asubuhi yenye ukungu. Mapafu hayakuonekana. Alipekua zile za tangu asubuhi zilizotundikwa kwenye kamba. Zote ndugu moja.

Popo ni jina alilopewa na wenzake kwa kuwa maisha yake yalipita ndani ya chumba cha giza, akiosha picha za eksirei. Walipomtania aliwajibu kwamba angalau popo hasumbuliwi na bili ya umeme. Siku hizi utani ulimkauka mdomoni.

Zahanati ilikuwa ya machimbo ya mawe. Kila mvunja mawe aliyeanza kukohoa alipigwa picha ya kifua. Aliyeonekana ana vumbi mapafuni aliondolewa kwenye mashine ya kokoto, akatibiwa. Ambaye picha yake haikusomeka alihesabiwa mzima, akarudi kwenye vumbi. Hiyo ndiyo kanuni, na hakuna aliyejua nani aliitunga.

Mwanzoni Popo alishuku dawa. Akaimwaga, akachanganya nyingine. Kijivu. Akashuku mlango, akaziba upenyo wa chini kwa gunia. Kijivu. Akamshuku hata mlinzi, kwamba humfungulia mlango kwa makusudi, naye mlinzi akanuna siku mbili. Ndipo siku moja umeme ukakatika filamu ikiwa mkononi, akaiosha kwa kupapasa. Umeme uliporudi akaiangalia, akakaa chini. Ilikuwa safi kama kioo. Mapafu yote mawili yalikuwa na madoa meupe, kama mtu aliyemwagiwa unga ndani ya kifua.

Akainua macho kuitazama balbu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimfuata msimamizi wa zahanati ofisini, akamweleza kwa adabu kwamba filamu za zamani zilivumilia ile taa ya rangi ya chungwa, lakini hizi mpya, zenye utepe wa kijani kwenye boksi, zinataka taa nyekundu yenye kioo chake maalumu cha kuchuja mwanga.

"Kwani niliyokuletea ni ya bluu?" msimamizi aliuliza.

"Ni nyekundu, bosi. Lakini ni balbu ya kawaida iliyopakwa rangi. Mwanga unapenya, unaiharibu filamu."

"Wewe umeajiriwa kuosha au kuchagua taa?"

"Basi niruhusu niizime. Kazi nitaifanya kwa mikono."

Msimamizi alifungua daftari la stoo. Kisha akasema kwamba maboksi ya filamu yamekuwa yakipungua stoo, na mtu anayeomba giza ana lake jambo. Tangu siku hiyo gunia likaondolewa mlangoni. Mlinzi akaamriwa aangalie mstari mwekundu chini ya mlango. Akiukosa, agonge na kuingia.

Popo alirudi kwenye beseni lake na fikra mpya, na haikumpendeza. Alikumbuka kwamba wakubwa wa ofisini, wakikohoa, hupelekwa mjini kupigwa picha. Hakuna hata mmoja ambaye picha yake iliwahi kupita chini ya balbu hii.

Jioni dada yake alimsubiri getini. Mume wake alivunja mawe hapo tangu walipooana, na picha zake mbili zilikwisha andikwa hazisomeki. Dada hakulia. Alisema mzee wake siku hizi analala amekaa, ameegemea ukuta, na watoto wameanza kumwigiza anavyohema.

"Kesho anarudia," alisema. "Kaka, ya kwake ioshe vizuri."

"Zote naziosha vizuri."

"Najua. Ya kwake ioshe kama ya mama yetu."

Popo alitaka kumweleza habari ya balbu. Akaona aibu. Angemwambia nini, kwamba shemeji anakufa kwa kopo la rangi?

Asubuhi aliwahi. Fundi aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa na njia yake ya kuijaribu taa: weka sarafu juu ya filamu ambayo haijapigwa, iache chini ya taa kwa muda ule unaotumia kuhangaika na filamu yoyote, kisha ioshe. Ukiona alama ya sarafu, taa si salama. Popo alijipapasa mifukoni, hamna kitu. Shingoni alikuwa na ufunguo wa stoo ya filamu, kwenye kamba. Akauvua, akaulaza.

Filamu ilitoka kijivu, na katikati ufunguo mweupe, meno yake yote yakihesabika.

Akafurahi. Daktari wa kusoma picha alikuja siku hiyo, na mtu aliyesoma angeelewa bila maneno mengi. Akaiweka juu ya rundo la picha za kusomwa.

Lakini rundo lilipitia kwanza kwa msimamizi. Popo alipoitwa, alimkuta ameishika dirishani. Daktari alikuwa kando, akipangusa miwani.

"Hii nini?"

"Jaribio la taa, bosi. Pale ufunguo ulipolala mwanga haukufika. Kwingine kote umefika. Ndiyo maana vifua vyote—"

"Huu ni ufunguo wa stoo?"

"Ndio uliokuwa karibu."

"Stoo inayoibiwa. Na wewe umeutolea nakala." Msimamizi hakupandisha sauti. "Hata meno yanaonekana. Fundi yeyote wa kufuli akipewa hii, anachonga."

"Bosi, nakala ya nini, na ufunguo nalala nao shingoni? Daktari, mwambie. Wewe unajua filamu."

Daktari alivaa miwani, akaichukua filamu, akaielekeza kwenye mwanga. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kifua chochote. Halafu akairudisha mezani taratibu.

"Mimi nasoma vifua," alisema.

Popo alivuliwa ufunguo na koti la kazi. Akatolewa nje ya geti la zahanati, huku shemeji yake akiwa bado kwenye foleni, shati mkononi, akimpungia bila kujua lolote. Kuosha picha alipewa mlinzi. Aliambiwa ni kazi nyepesi, ila taa asiizime.

Popo hakuondoka. Alisimama upande wa pili wa barabara. Kwenye kibanda cha geti la machimbo, jirani na zahanati, walikuwa wameibandika ile filamu ya ufunguo kwenye kioo cha dirisha, iwe onyo kwa wezi. Kibanda kilikuwa wazi kwa nyuma, upande wa magharibi.

Alasiri shemeji alitoka zahanati na karatasi yake, imeandikwa tena haisomeki, kofia ya kazini kichwani. Hakuelekea nyumbani. Alijipanga na wenzake wa zamu ya jioni, akafika dirishani, akasimama kuandikwa jina. Kikohozi kikambana hapo hapo, akashika ukingo wa kibanda, kifua kikikaribia kioo. Jua lilipenya kwenye filamu, likachora juu ya shati lake ufunguo wa mwanga, wazi kabisa, meno yote yakihesabika.

Mwandikaji alisubiri amalize kukohoa. Kisha akamfungulia geti.