Nyumba ya Orpha Lindgren

Reli ilipopita maili sita kusini mwa Bethuel, watu wa mji huo wa Nebraska waliamua kuifuata. Theluji iliposhikana vizuri, waliingiza magogo chini ya nyumba, wakafunga maksai kumi na sita, wakaburuta. Duka lilitangulia, kisha kanisa, kisha shule, ubaoni bado zikiwamo hesabu za Ijumaa.

Orpha Lindgren, mjane, alikuwa mbali akimuuguza dada yake. Aliporudi Jumatatu, shamba lake lililopakana na barabara kuu ya mji lilikuwa na shimo la kuwekea viazi tu. Akafuata alama za magogo kwa miguu mpaka stesheni. Nyumba yake ilikuwa pale, karibu na karakana ya mhunzi, na mapazia yamefuliwa.

"Karibu nyumbani, Mama Lindgren!" alisema Shemasi Pruitt, mwenye maksai. "Hata sahani moja haikuvunjika."

"Nani kakutuma, Amos?"

"Mtu hutumwa kutenda wema? Wema hauozi, mama."

"Huu wako umeshaoza! Maksai wako wana akili kukushinda. Alhamisi ninakwenda ofisi ya ardhi kuchukua hati yangu. Serikali humpa shamba bure aliyelilima miaka mitano, lakini sheria inataka nyumba yake iwe juu ya shamba hilo, na mashahidi wangu ni wewe na mhunzi!"

Shemasi akavua kofia. Alikuwa na hati yake tangu zamani, sharti lile akalisahau kabisa.

"Si tuseme tu ipo?" akasema Dorsey, mhunzi. "Nani atakwenda kuchungulia?"

"Niape uongo nimeshika Biblia? Mimi?" akasema Shemasi.

Orpha naye hakuutaka uongo. Kwa miaka mitano alikuwa amelima eka mia na sitini, akamzika mume, na hakuwa na kitu kingine duniani.

Basi wakairudisha. Jumanne theluji ikayeyuka, maksai wakazama topeni hadi magotini, na wanawake wakawa wanatandika mbao mbele yao. Jumatano jioni nyumba ilipita mpaka wa shamba kwa hatua nne, maksai wakalala chini wakagoma.

"Hapo hapo," alisema Orpha. "Sheria haikusema katikati."

Alhamisi mashahidi waliapa, na walisema kweli. Afisa akagonga muhuri.

Orpha alirudi na hati kifuani, akicheka peke yake njia nzima. Akawasha jiko, akapima unga, akakuta chachu imekwisha. Akachukua bakuli, akatoka kwenda kuomba kwa jirani kama alivyozoea. Alifika katikati ya barabara kuu ndipo akakumbuka. Kulia na kushoto yalikuwa mashimo matupu ya nyumba zilizohamia stesheni. Alisimama pale na bakuli lake, akalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia.