Mlango wa Fundi Vitasa

Waliupiga mateke, wakaupiga kwa jiwe, halafu kwa kitu kizito ambacho hadi leo sijui kilikuwa nini, na mlango wetu haukutikisika. Ulikuwa mlango wa fundi vitasa. Baba alikuwa ameutia kitasa cha ndimi tatu, komeo juu na komeo chini, kwa sababu kazi mbovu ilimtia haya kuliko umaskini. Mama alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea kabati, simu sikioni. Polisi walikuwa wamemwambia wako njiani. Nje jua lilikuwa kali, saa ambazo watu huwa wanapika.

"Usifungue," Mama alimwambia Baba. "Wakuite wanavyokuita, usifungue."

Nilikuwa darasa la saba. Niliogopa, lakini nakumbuka pia kwamba niliuonea fahari ule mlango. Nilijua hawauwezi.

Miezi ile mtaa wetu ulikuwa umeingiliwa na wezi. Watu walirudi kutoka kazini, wakafungua kwa funguo zao wenyewe, wakakuta sebule tupu. Hakuna dirisha lililokatwa wala bawaba iliyong'olewa. Mwizi alikuwa akifunga mlango anapotoka, kama mpangaji mstaarabu. Hilo ndilo lililowatia watu wazimu. Mlango uliovunjwa unautazama, unatukana, unamwita fundi. Mlango mzima unakufanya uanze kuwahesabu majirani.

Na Baba alikuwa na tabia yake kazini. Akiitwa kuweka kitasa kipya, kwanza alikifungua kile cha zamani bila funguo, kwa kipande cha waya, mbele ya mwenye nyumba na yeyote aliyekuwa akipita. Aliinama, ncha ya ulimi ikamtoka pembeni mwa mdomo, mara tak, mlango wazi. Wanawake wakaguna kwa mshangao. "Haya mama," alikuwa akisema, "mlinzi wako ndiye huyu, anahongwa kwa waya." Alipenda sana kushangiliwa, baba yangu. Kisha aliwaambia lile ambalo hawakulishika: ukihamia nyumba, badilisha kitasa kabla hujatandika godoro, hujui funguo nyingine ziko kwa nani. Watu walicheka wakijua anajitafutia kazi.

Aliyecheka zaidi alikuwa Mama Pacha, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Baba alikichokoa kitasa chake kwa waya mchana mmoja, bure, kumwonyesha tu. Akapiga makofi, lakini kitasa kipya hakutaka. "Fundi, we ungekuwa mwizi ungetumaliza!" akasema. Barabara nzima ikaangua kicheko, na Baba akacheka kuwashinda wote.

Jumapili ile Mama Pacha alirudi kutoka sokoni akakuta televisheni haipo, jiko la gesi halipo, hata viatu vya shule vya wanawe havipo. Alipiga yowe, watu wakajaa. Baba alikuwa akipita na mkoba wake wa vifaa, ametoka kwenye kazi mtaa wa nyuma. Mtu mwingine angetoa pole akapita. Yeye akaweka mkoba chini, akachutama mlangoni, akachungulia tundu la funguo.

"Hiki hakijachokolewa," akasema. "Kimefunguliwa kwa funguo yake."

"Umejuaje?" mtu akauliza.

"Kazi ya mwizi naijua," Baba akajibu, kwa maringo yale yale aliyokuwa akishangiliwa nayo. Akachukua mkoba wake akaja nyumbani kula. Hakuona jinsi walivyonyamaza nyuma yake. Alikuwa ananawa mikono tuliposikia miguu ya watu wengi.

Waliposhindwa na mlango, kelele zilipungua, ikasikika sauti ya mwenyekiti wa mtaa. Huyo alikuwa rafiki wa Baba. "Fundi, toka tuongee. Mimi nipo hapa."

Baba alisimama akiifuta mikono kwenye taulo.

"Nikijifungia ndani watasema ni kweli," alisema.

"Waseme!" Mama akamjibu. "Waseme mpaka wachoke, wewe ukiwa hai!"

"Mama, hawa ni wateja wangu."

Mama aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Baba akauondoa polepole, kidole kimoja kimoja. Alivuta komeo la juu, akavuta la chini, akanitazama. "Funga nyuma yangu," akaniambia. Nikafunga. Kitasa kiliitika kwa ulaini, kazi yake safi.

Mlango ule ulizuia kila kitu isipokuwa sauti. Mwanzo ilikuwa sauti yake, anaeleza, anawataja watu kwa majina ya watoto wao. Halafu zikawa sauti zao. Mama alinivuta akaniziba masikio, kwa hiyo yeye ndiye aliyesikia yote.

Polisi walifika watu wakiwa wamesharudi majumbani mwao, wakamkuta Baba peke yake, ameshakata roho. Mwenyekiti alisema alisukumwa pembeni. Huenda ni kweli.

Wizi uliendelea hadi alipokamatwa dalali aliyekuwa akipangisha nyumba za mtaani. Kwake walikuta ufunguo wa kila nyumba aliyowahi kuipangisha, na wa Mama Pacha ukiwemo. Siku ya pili Mama Pacha alivuka barabara, akasimama mlangoni kwetu.

"Pole, dada," akasema.

"Tumeshapoa," Mama akamjibu, akaendelea kuchambua mchele.

Hatukuhama. Mama hakutaka, na mimi sikuweza kumwacha. Nimekuwa mtu mzima hapa, nasalimiana nao, nachangia misiba yao. Nawachukia, na nikipungukiwa chumvi nakwenda kuomba kwao.

Wiki iliyopita gari la mizigo lilisimama mbele ya nyumba ya jirani. Mwanamke kijana, mjamzito, alishuka akaja kunisalimia.

"Shikamoo dada. Tunataka kuhamia hapa. Usalama wa huku ukoje? Wezi wapo?"

"Marahaba. Wezi hakuna," nikamwambia. "Miaka mingi sasa."

"Na majirani je? Wanasaidiana?"

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Mama Pacha, mvi kichwa kizima, alikuwa anafagia kibaraza chake.

"Sana," nikasema. "Ukipiga yowe tu, wanatoka wote."

Akashusha pumzi, akanishukuru, akampungia mumewe mkono waanze kushusha vitu.