Uzi Mdomoni mwa Sekela

Kizibo cha chupa ya chai kililia mezani, nyiii, kama kinavyolia chai inapoanza kupoa, nami nikakisikia vizuri kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi na nyumba nzima ilikuwa gizani. Nilikuwa nimekaa kitandani, viganja vyangu viwili juu ya mguu wa mwanangu Sekela, mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Zilikuwa zimepita siku kumi na mbili sijampa vidonge vya kliniki. Mwalimu Gwamaka, anayetufundisha habari za nguvu ya uponyaji kila Jumatano jioni, alisema kumeza kidonge ni kukiri ugonjwa, na anayeukiri anaukaribisha; kwamba ndani ya kila mtu ipo nafsi ya juu isiyougua kamwe, na mama akiifikia, uzima hutiririka mikononi mwake kama maji ya bomba. Basi nilimfundisha mtoto akiulizwa hali ajibu, "Nimepona." Asubuhi ile wifi yangu Tumpe alisimama mlangoni, ndoo kichwani, akanipasulia. "Wifi, si wewe uliyerudi kliniki ukatuambia chembe za damu yake zimepinda kama mundu? Leo unazinyoosha kwa viganja? Haya, ukimaliza uje uninyooshee na bati la jikoni!" Nilimwambia hana imani, akaenda zake. Nikalia. Sekela akaniambia nisilie, amepona. Usiku huo, viganja vikiwa palepale, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi yenye mwanga usio na joto, mweupe kama wa jokofu lililoachwa wazi, na barabara yake yote ikipanda. Alinipokea mwanamume nadhifu, viganja laini visivyo na mstari hata mmoja, akasema anaitwa Uhakika. "Karibu, mama. Huku kwetu hakuna mgonjwa. Sikiliza mwenyewe." Nikasikiliza, na kweli, hapakuwa na kilio popote. Kisha nikaona sababu. Langoni watoto walikuwa wamekaa mstari mmoja kama wanaosubiri kusukwa nywele, na mbele yao bibi mmoja mpole, jina lake Aibu, alikuwa akiwashona midomo kwa uzi wa dhahabu. Alishona taratibu, akipuliza kila sindano ilipopita, na mama zao waliwashika vichwa wasitikisike. "Yasiyotamkwa hayapo," Uhakika akanieleza kwa upole. Mtoto wa tatu alikuwa Sekela. Na aliyemshika kichwa, Mungu anisamehe, nilikuwa mimi. Mbele ya lango ulitandaa uwanda uliojaa akina mama waliopiga magoti, kila mmoja viganja juu ya khanga iliyofunika kitu kidogo, na chini ya zile khanga hakikutikisika chochote. Nikauliza wako hapo tangu lini. "Wanakaribia," alisema Uhakika. "Kila siku wanakaribia."

Hapo mtu akanivuta gauni. Alikuwa mwanamke anayechechemea, viraka mwili mzima. "We mama Sekela, acha kuangalia juu, shingo itakukatika. Mimi Shaka. Najua wamekuambia ni adui wa Imani. Waongo hao! Tulilelewa nyumba moja, tukala sahani moja. Yeye akimshika mtu mkono, mimi nilikuwa nauliza anampeleka wapi. Ndiyo maana nilifukuzwa." Nikamwambia naitafuta nafsi yangu ya juu, nikiipata mwanangu atapona. "Basi twende ukaione," akasema, na tukapanda ngazi baada ya ngazi hadi pumzi zikaniishia. Kileleni palikuwa na kiti kinachong'aa, na juu yake vumbi la miaka. Hapakuwa na mtu. "Huyo unayemtafuta hajawahi kukikalia," alisema Shaka. "Wenzako wanapanda kumfuata, naye amebaki kulekule walikomwacha mgonjwa wao."

Tukateremka mbio. Pale langoni, kwenye tope, alikuwa amepiga magoti mwanamke mwenye sura yangu, mikono ya gauni imekunjwa, akikata nyuzi za watoto kwa meno, midomo yake mwenyewe ikivuja damu. Hakung'aa hata kidogo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ile nguvu ni uongo?" Akatema kipande cha uzi. "Si uongo. Mtoto akiguswa na mama yake, woga wake hulegea, na maumivu hupata pa kupumulia. Hiyo unayo, nayo ni kubwa. Lakini damu yake ina mambo yake, na wapo waliokesha wakiyasoma. Wewe umechukua mkono wa kufariji ukaufanya kifuniko cha mdomo. Mimi si wewe usiyeugua. Mimi ni wewe unayeweza kusikia neno unaloliogopa, ukabaki umekaa. Vuta." Akaniwekea kidoleni ncha ya uzi wa Sekela. Nilijua uzi ule ukitoka, nitaambiwa nilichomfanyia kwa siku kumi na mbili. Nikavuta.

Nilizinduka taa ikiwaka na redio ya jirani ikisoma habari za saa mbili. Chini ya viganja vyangu mguu ulikuwa umevimba, wa moto kama sufuria, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto alikuwa akinihurumia. Alikuwa ameniuguza mimi siku zote hizo, akinyamaza ili nisilie. Nikamwita wifi kwa sauti kubwa, naye akatokea hata kabla sijamaliza jina, akachungulia mguu, hakunisuta, akaanza kutafuta kadi ya kliniki na khanga ya kumbebea. Nikainamisha sikio. "Sekela, mama halii tena. Niambie unavyojisikia, chochote kile, sitakukasirikia." Alimwangalia shangazi yake, akaniangalia mimi machoni kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

"Mama, mguu unaniuma sana."