Kellu Kaingia Kijani

Muuguzi alizungusha utepe wa kupimia utapiamlo kwenye mkono wa Kellu, juu ya kiwiko, akachungulia rangi. Akatabasamu.

"Kijani, Mama Kellu. Binti yako kapona."

Yakura alikuwa ameshakunjua ncha ya nguo yake ili apokee pakiti za wiki, zile za karanga zilizosagwa. Hakuikunja. "Alhamdulillahi," akasema. "Na pakiti?"

"Pakiti ni dawa ya mgonjwa. Huyu si mgonjwa tena." Muuguzi Hauwa akaitia kadi ya Kellu kwenye boksi. "Mpe chakula cha nyumbani. Mayai, maziwa, maharagwe."

"Mayai anayo, dada," mwanamke mmoja kwenye foleni akasema. "Anatuficha tu."

Foleni ikacheka. Yakura naye akacheka kidogo, akambeba mtoto mgongoni, akaondoka.

Nyumbani kwake palikuwa pa turubai na miti minne. Mtama wa msaada, uliogawiwa wakimbizi kila mwezi, ulikatwa tangu kabla ya mvua. Kambi iliambiwa kwamba wanaotoa fedha wamepunguza. Nje ya handaki la kuwazuia wapiganaji, lililozunguka mji, kulikuwa na kuni na mashamba, lakini mumewe alikwenda huko kutafuta kuni na hakurudi. Pakiti za Kellu ndizo zilizokuwa zikiwalisha wote. Kellu alianza, kisha Bukar wa miaka minne, kisha Aisa wa miaka saba, ambaye kwa umri wake hapimwi. Yakura alisuuza karatasi za pakiti, akanywa yale maji.

Baada ya siku tatu alimpeleka Bukar.

"Njano," Hauwa akasema. "Zamani njano ilikuwa na unga wake. Siku hizi hatuna."

"Sasa nifanyeje, dada?"

"Akishuka mpaka nyekundu, mlete." Alisema huku ameinama, anaandika.

Yakura hakuamua kwa siku moja. Bukar na Aisa walikuwa na miguu ya kwenda sokoni kuomba. Kellu, ambaye hajatimiza hata miaka miwili, ndiye angeshuka upesi. Kwanza alimpunguzia uji. Kisha akampa mara moja kwa siku. Mtoto alipolia, alimbeba akazunguka naye kati ya maturubai mpaka alale.

"Wiki moja tu, mama," alimnong'oneza. "Wiki moja, halafu utakula wewe na sisi tutakula."

"Mbona Kellu humpi?" Aisa aliuliza.

Yakura alimzaba kofi. Kisha akamvuta kifuani.

Wiki ya pili Kellu akaanza kuhara. Siku nne baadaye, hakulia tena. Jumatatu asubuhi Yakura alikuwa wa kwanza mlangoni, na Aisa nyuma yake.

Utepe ulisoma nyekundu. Hauwa alirudia kupima.

"Mama Kellu, umemfanya nini mtoto?"

Yakura alikunjua ncha ya nguo yake.

Hauwa akachana pakiti moja. Ndivyo kanuni ilivyotaka: mtoto ale kwanza mbele ya muuguzi. Akamtia kidogo mdomoni. Kellu alimtazama, hakumeza. Akamtia tena. Karanga zikamtoka pembeni mwa mdomo, zikashuka kidevuni.

"Asiyekula hatumpi pakiti," Hauwa akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Huyu ni wa hospitali."

"Nyumbani atakula. Nipe tu, dada yangu."

"Siruhusiwi."

"Basi hospitali."

"Gari linakuja Alhamisi." Hauwa akatazama foleni. "Mkae hapo kivulini. Anayefuata."

Yakura akakaa mchangani, Kellu mapajani. Mwanamke aliyefuata alikuwa ameshaufunua mkono wa mwanawe, ameunyoosha. Aisa alichuchumaa kando ya mama yake, akamwangalia usoni. Hakukatazwa. Akainama, akalamba zile karanga kwenye kidevu cha mdogo wake, taratibu, mpaka zikaisha.