Vikombe vya Babu Zubeiri

Mwaka 1909, pale Kafuro, Karagwe, Mwanahalima binti Abdulrahim alipania kuandika hadithi ya msafara uliomleta babu yake huko. Baba yake alikuwa amemfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na mumewe Saleh, muuza nguo, alimpa karatasi bila kuuliza ni za nini. Aliandika siku sita. Ya saba akamwendea shangazi yake, Bi Mwaja, aliyekuja na msafara ule akiwa mtoto.

Akasoma kwa madaha: Babu Zubeiri ameketi kwenye zulia, wenyeji wakimmiminia kahawa vikombeni.

Bi Mwaja alicheka mpaka ushungi ukamwanguka.

"Vikombe? Mwanangu, Wanyambo, wenyeji wa huku, kahawa yao wanaitafuna! Baba alitiliwa buni kavu kiganjani, akakaa nazo anangoja maji ya moto."

"Akangoja mpaka lini?"

"Mpaka jasho la mkono likazilowesha. Mwenyeji wake akamhurumia, akatia moja kinywani kumwonyesha."

Mwanahalima aliona haya, lakini moyoni alifurahi. Hili lilikuwa tamu kuliko yote aliyoyatunga! Akauliza kama mvua ilikuwa ikinyesha, walilalia nini, nani alibeba sufuria. Shangazi akajibu yote.

"Na babu alisema nini alipoitafuna?"

"Hilo silikumbuki. Nilikuwa nikishangaa pembe ndefu za ng'ombe wao."

"Sasa nifanyeje, shangazi?"

"Mtafutie la kusema. Ila liwe la mtu aliyechoshwa na njia, anayeogopa kuchekwa. Usimpe maneno ya sultani."

Mwanahalima akafuta zulia, akafuta vikombe. Siku tatu alimenya ndizi huku akisema peke yake. Mwishowe akatafuna buni mwenyewe, uchungu ukamkunja uso, na maneno yakamjia. Akamkimbilia Saleh dukani kumwambia.

Sikukuu ya Idi, baada ya pilau, aliwasomea jamaa uani. Alipofika pale babu anapotafuna na kusema, "Miezi mitatu njiani naota kahawa, kumbe nilitakiwa nije na meno!" watu waliangua kicheko. Bi Mwaja akajipiga paja.

"Hivyo hivyo! Ndiyo maneno ya baba! Nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio yangu haya!"

Mwanahalima akamtupia jicho mumewe. Saleh alikuwa ameinamia sahani, mabega yakimtikisika. Basi naye akameza kicheko chake, akafunua karatasi iliyofuata, akaendelea kusoma.